Betri ya Duolingo na faini ya kusoma

Kuiondoa mioyo kwenye Duolingo, programu ya kujifunzia lugha, kulikuwa sawa kabisa. Kuweka betri mahali pake ndiko kulikoharibu kazi, na walioamua hivyo huko Pittsburgh mwaka 2025 bila shaka hawajawahi kununua mega za kupimiwa pale Kamina, Kongo.

Enzi za mioyo, asiyelipia alikuwa nayo mitano. Kila kosa lilikula mmoja, na ikiisha anafungiwa nje. Safu hii iliupigia kelele mfumo ule tangu mwanzo. Hata hivyo, aliyejibu vizuri alisonga mbele bure. Betri haina huruma hiyo: kila zoezi linakata chaji, upate au ukose. Ukifululiza majibu sahihi unarudishiwa kidogo, na ikikauka ni yale yale: subiri, toa vito ulivyokusanya humo au lipia.

Kampuni inajitetea kwamba mioyo iliadhibu makosa. Kweli. Ndipo wakahamishia adhabu kwenye kusoma kwenyewe!

Tuseme yuko binti wa Kamina anayejifunza Kiingereza kupitia Kifaransa. Umeme umerudi usiku, simu imejaa, kifurushi chake kinakufa saa sita. Saa mbili zilizobaki ndizo alizo nazo. Katikati ya somo skrini inamwambia nguvu zimekwisha, wakati mega zipo na usingizi bado. Kesho betri itakuwa imejaa, ila kifurushi hakitakuwepo. Ajabu ni kwamba watafiti wa kampuni hiyo hiyo, Settles na Meeder, walichapisha mwaka 2016 modeli ya kukadiria lini neno linakaribia kusahaulika ili lirudiwe kwa wakati. Hesabu inasema rudia sasa, betri inasema njoo kesho.

Masomo mafupi na masahihisho ya papo kwa papo bado ni kazi safi.

Lakini Duolingo si wa kwanza kuyafanya hayo. Jirani zetu Zambia walianza masomo ya Learning at Taonga Market redioni mwaka 2000, na Zanzibar ikafuata na Tucheze Tujifunze. Mtangazaji aliuliza, akanyamaza sekunde chache, watoto wakajibu kwa sauti, kisha akataja jibu. Aliyekosa alilisikia lililo sahihi na kuendelea na wenzake. Redio haikuwa na namna ya kumtoza. Kimya kile kilipangwa na watu waliojua darasa.

Na kuna walioteleza wakajirekebisha. Tovuti ya masomo ya Khan Academy ilikuwa ikidai majibu 10 sahihi mfululizo; ukikosa la tisa, unaanza sifuri. Mwaka 2011 waliutupa mtindo huo, wakaanza kukadiria uwezekano wa mwanafunzi kupata swali lijalo. Mazoezi yao leo yamo pia ndani ya programu ya Kolibri, inayofunguka kwenye kivinjari kutoka kompyuta moja iliyo chumbani, bila intaneti. Kwa mji kama Kamina, hapo ndipo pa kuanzia: binti yule angerudia zoezi lake mpaka umeme ukatike.