Kupima Undani wa Mhusika: Mwongozo kwa Msomaji wa Hadithi za Njia ya Misafara

Hadithi ya msafara wa karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, hupima vizuri ustadi wa mwandishi. Njia hiyo imejaa mambo ya kutazamwa: wapagazi wa Kinyamwezi, pembe za ndovu, shanga, hongo (ushuru wa njia) za watemi, nyumba za tembe za Unyanyembe, eneo la Tabora. Mwandishi anaweza kujaza kurasa kwa hayo yote na bado mhusika asijulikane anawaza nini. Vipimo vinne husaidia kutenganisha kazi bora na kazi ya kawaida.

Cha kwanza ni nafsi ya usimulizi. Nafsi ya kwanza hukaribia moyo wa mhusika, lakini haitoshi yenyewe. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ambaye baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora, aliacha tawasifu ya Kiswahili iliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Anayesimulia ni yeye mwenyewe, lakini habari zake ni za biashara, vita na safari zaidi kuliko za hofu au majuto. Kwa historia, tawasifu hiyo ni hazina. Riwaya hudai zaidi. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), riwaya isiyo ya misafara, Kazimoto naye husimulia mwenyewe, na msomaji hufuatana na fikra zake zinazomsonga hadi anapojiua.

Cha pili ni mipaka ya ujuzi wa mhusika. Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994), iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina Peponi, imesimuliwa kwa nafsi ya tatu, lakini msimulizi haachani na Yusuf, kijana wa miaka 12. Yusuf anaondoka na tajiri Aziz akidhani anafuatana na jamaa, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Baadaye anafuata msafara wa bara. Hofu yake haihubiriwi. Hujitokeza katika ndoto zake za mbwa. Msimulizi anayejua yote akimweleza kijana zaidi kuliko kijana anavyojielewa, ukweli wa hofu hiyo hupotea.

Cha tatu ni tendo linalobeba hisia. Zilinganishwe sentensi hizi za mfano:

“Mpagazi alikaribia Tabora akiwa na huzuni kubwa kwa sababu ndugu yake alifia njiani.”

“Miembe ya Tabora ilipoonekana, wenzake walipiga vigelegele. Jioni alipima vibaba viwili vya unga, akasita, akarudisha kimoja mfukoni.”

Ya kwanza inataarifu. Ya pili haitaji huzuni, lakini kibaba kile kinachorudishwa kinamwonyesha mtu aliyezoea kupikia wawili. Jaribio ni rahisi: je, tendo hilo linaweza kuhamishiwa kwa mhusika yeyote? Machozi na moyo kwenda mbio huhamishika; kibaba hiki hakihamishiki. Mwandishi akiongeza hapo, “Kwa kweli alimkumbuka ndugu yake,” ameharibu alichokijenga.

Cha nne ni lugha ya mawazo na ya mazungumzo. Uzungumzi nafsia mzuri hutumia maneno ya mhusika mwenyewe. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, huwaza kwa maji, kambi na mwendo wa kesho. Akianza kuwaza kama mhitimu wa chuo kikuu, anayesikika ni mwandishi. Katika mazungumzo, heshima ina kazi yake: kijana mbele ya mtemi au tajiri hujibu “Naam, bwana,” na hasira yake hubaki katika lile asilolisema. Mwandishi stadi huacha jibu hilo liwe fupi, kisha huionyesha hasira pale kijana anapokuwa na wa rika lake.

Kati ya vipimo hivi, cha tatu ndicho kizito zaidi. Nafsi ya usimulizi huchaguliwa mara moja na lugha hurekebishwa wakati wa kuhariri, lakini tendo sahihi hupatikana tu kwa mwandishi anayemjua mhusika wake kwa undani. Kazi inayokosa hilo, hata ikijaa habari za kweli za Tabora, ni maelezo ya safari tu; bado si hadithi ya watu.