Kitanda cha Mtoto cha Kugeuza: Tazama Kona Kabla ya Bei

Katika maduka ya samani za watoto Dar es Salaam na Nairobi siku hizi kuna kitanda kinachouzwa kwa ahadi kubwa: vitanda vinne katika kimoja. Mtoto akizaliwa ni kitanda cha kichanga chenye fito pande zote. Akishatembea vizuri, ubavu mmoja unatolewa. Baadaye kinakuwa kama kochi, na mwishoni kinageuka kitanda cha kijana. Mzazi ananunua mara moja, basi. Ahadi hiyo inagusa penyewe, maana mtoto wa kwanza huja na orodha ndefu ya matumizi na mshahara hauongezeki kwa ajili yake. Ndiyo sababu inastahili kuchambuliwa kipande kwa kipande. Mimi nikikifungua kitanda hiki naona vitanda viwili tu, na viwili hivyo vyenyewe vinategemea jambo ambalo wauzaji hawalitaji: jinsi kona zilivyofungwa.

Tuanze na umbo lake. Kuna mbavu mbili ndefu, ya mbele na ya nyuma, vichwa viwili vifupi kulia na kushoto, na fremu ya chaga inayobeba godoro. Fremu hiyo hushuka kwa hatua tatu au nne. Mtoto akiwa mchanga hukaa juu, ili mama aliyetoka kujifungua asiiname sana. Akianza kujivuta na kusimama hushushwa hadi chini kabisa. Viwango vya Ulaya vinataka zibaki angalau sentimita 60 kutoka kwenye chaga hadi ukingo wa juu wa ubavu fremu ikiwa chini, na nafasi kati ya fito na fito iwe kati ya sentimita 4.5 na 6.5. Marekani hawaruhusu zaidi ya inchi 2 na 3/8, yaani sentimita 6. Kipimo hiki si cha urembo. Nafasi ikizidi hapo, kiwiliwili cha mtoto mdogo kinapita kati ya fito na kichwa kinabaki ndani.

Hatua ya pili ni kutoa ubavu wa mbele na kuweka kizuizi kifupi upande wa mchago. Godoro ni lile lile, fremu ni ile ile. Hatua ya tatu, hiyo inayoitwa kochi, ni kuondoa kizuizi. Kwa hesabu yangu ni hatua ya pili iliyopungua kipande kimoja. Hatua ya nne ndiyo inayopandisha bei. Vichwa vyote viwili vinawekwa kando, na ubavu wa nyuma, ambao tangu mwanzo ulitengenezwa mrefu kwenda juu, unasimamishwa kama mchago wa kitanda kikubwa. Lakini mifumbati ya kuunganisha mchago na upande wa miguu haimo ndani ya boksi. Chaga hazimo. Godoro jipya halimo. Kinachotumika tena kutoka kwenye kitanda cha kichanga ni ubao mmoja wa kuegemea, na wakati mwingine ubavu wa mbele kwa upande wa miguu.

Sasa tuweke umri juu ya hatua hizo. Watengenezaji wa Marekani huandika kwenye kitanda chenyewe kwamba kisitumike tena kama kitanda cha kichanga mtoto akifikisha inchi 35, karibu sentimita 89, au akiweza kupanda na kutoka, lolote litakalotangulia. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa wastani hufika hapo akiwa na miaka miwili na miezi michache. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Hatua ya pili ndiyo ndefu. Godoro la kitanda cha kichanga cha Marekani lina urefu wa takriban sentimita 131, na mtoto wa miaka mitano ana wastani wa sentimita 110, kwa hiyo anajinyoosha bila shida. Hapo kuna karibu miaka mitatu ya kulala kwenye kitanda ambacho tayari kimelipiwa, mtoto akipanda na kushuka mwenyewe kwenda chooni bila kuita mtu. Faida ya kugeuza iko hapo. Kama kitanda kinafanya hilo peke yake kwa uaminifu, kimetimiza kazi yake.

Hatua ya nne inakwama zaidi huku kwetu kuliko inakotoka, na sababu ni godoro. Ubao ule umepimwa kwa godoro la Kimarekani la inchi 54 kwa 75, yaani futi 4 na nusu kwa futi 6 na inchi 3. Nenda duka lolote la magodoro uulize saizi: utatajiwa 3 kwa 6, 3 na nusu kwa 6, 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Ukiweka godoro la futi 6 kwenye fremu iliyopimwa kwa inchi 75, inabaki nafasi ya inchi 3 mchagoni au miguuni, na nafasi ya namna hiyo ni ya kuogopwa kwa mtoto yeyote, hata kama si kichanga tena. Ukiagiza povu likatwe kwa kipimo, utalipia kukatwa, utalipia foronya ya kushona, na shuka za dukani hazitakaa vizuri. Basi mzazi wa hapa anapolipia "vinne katika kimoja", sehemu ya bei inakwenda kwenye mchago usiokuwa na godoro lake mjini.

Kuhusu kona, inafaa kurudi nyuma hadi Marekani ya kati ya 2007 na 2011, kwa sababu huko ndiko somo hili lilipatikana kwa gharama kubwa mno. Kwa miongo mingi vitanda vya watoto vilikuwa na ubavu wa kuteleza chini na juu, ili mzazi amfikie mtoto kwa urahisi. Ubavu huo ulishikwa na vipande vidogo vya plastiki na vyuma. Plastiki ilivunjika, skrubu zilipotea kitanda kilipohamishwa, wakati mwingine wazazi waliufunga ubavu juu chini bila kujua. Kona moja ikiachia, ubavu uliinama ukaacha ufa wenye umbo la V kati yake na godoro, na mtoto aliteleza humo akakosa pumzi. Mamilioni ya vitanda yalirudishwa kutoka sokoni. Mwezi Novemba 2009 peke yake kampuni ya Stork Craft ya Canada ilirudisha zaidi ya milioni 2. Tume ya usalama wa bidhaa za walaji ya Marekani ilihusisha vitanda vya ubavu wa kuteleza na vifo visivyopungua 32 vya watoto tangu mwaka 2000. Kuanzia tarehe 28 Juni 2011 ikawa marufuku kuvitengeneza au kuviuza, vipya kwa vikuukuu.

Kanuni ile ya 2011 haikuishia kwenye ubavu wa kuteleza. Ilikataza skrubu za mbao kwenye sehemu ambazo mwenye kitanda atazifungua na kuzifunga mwenyewe, na ikataka viungo visilegee vyenyewe. Waandishi wake walielewa kwamba kitanda cha mtoto hakivunjiki katikati ya ubao. Kinaachia kwenye kiungo, na hasa kwenye kiungo kilichowahi kufunguliwa. Kitanda cha kugeuza, kwa maumbile yake, ni kitanda cha kufunguliwa. Kitafunguliwa godoro likishushwa, kitafunguliwa ubavu ukitolewa, kitafunguliwa tena familia ikihama nyumba ya kupanga. Skrubu ya mbao ikitolewa na kurudishwa hukata njia mpya au kupanua ile ya zamani, na ubao hauishiki tena kama mwanzo. Bolti inayoingia kwenye nati ya chuma iliyozamishwa ndani ya mbao inaweza kufunguliwa na kukazwa mara nyingi, kwa sababu chuma kinauma chuma. Dukani, jambo la kwanza ninaloangalia ni hilo: nainama, natazama kona, natafuta tundu la bolti na nati yake. Nikiona kichwa cha skrubu kimeingia moja kwa moja kwenye ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa, nimemaliza kazi na kitanda hicho, hata kiwe na rangi nzuri namna gani. Na kwenye samani za mtumba, chenye ubavu wa kuteleza kiachwe, hata kikitolewa bure.

Hapa mafundi wetu wana nafasi kubwa kuliko wanavyopewa. Vitanda vya mafundi wa Keko, Dar es Salaam, hufungwa na kufunguliwa kila siku, la sivyo visingepita milangoni wala kupanda kwenye bajaji ya mizigo. Fundi anayejua kuunganisha mfumbati na mchago kwa bolti ana ujuzi wote unaohitajika kutengeneza kitanda cha mtoto chenye ubavu mmoja wa kutoka. Kinachokosekana ni vipimo kutoka kwa mteja. Mpelekee nafasi ya fito, mpelekee sentimita 60 za ubavu, mwambie kona nne ziwe za bolti na nati wala si misumari na gundi. Msonobari wa Mafinga unatosha kama umekauka vizuri. Mninga ni bora na mzito, na uzito kwenye kitanda cha mtoto anayetikisa fito kila asubuhi ni jambo jema. Msasa upigwe mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa. Kisha godoro linunuliwe kwanza, kabla ya mbao kukatwa, ili kitanda kifuate godoro. Likishaingia, vidole viwili visipate nafasi ya kupita kati yake na ubavu. Liwe gumu. Godoro linalobonyea chini ya kichanga halifai, na ile mito ya kuzungushia pembeni inayouzwa pamoja na vitanda vingi ibaki dukani. Marekani walipitisha sheria ya kuipiga marufuku mwaka 2022, kwa sababu mtoto anaweza kubanwa uso humo.

Wapo wanaoagiza fremu ya futi 2 na nusu kwa 6 tangu mwanzo, saizi ya magodoro ya shule za bweni, na kuizungushia fito, ili godoro moja limtumikie mtoto hadi sekondari. Kwa karatasi ni hesabu safi. Mashaka yangu ni mawili. Viwango vya vitanda vya watoto vya Ulaya vinakomea urefu wa sentimita 140, na fito za ubavu mrefu zaidi ya hapo zinahitaji tegemeo la katikati ambalo mafundi wengi hawaliweki. La pili ni nafasi. Chumba chenye kitanda cha wazazi cha 5 kwa 6, kabati na mlango unaofunguka kwa ndani hakina pa kuweka futi 6 nyingine. Na katika miezi ya kwanza kitanda kinatakiwa kiwe humo humo chumbani. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi, juu ya sehemu yake mwenyewe, kwa angalau miezi 6 ya kwanza. Najua kina mama wengi wa kwetu hulala na mtoto ubavuni, na kitanda chake kikabaki cha usingizi wa mchana. Kama nyumbani kwako ndivyo itakavyokuwa, usilipie hatua nne. Zingatia pia chandarua: kipimwe pamoja na kitanda, kining'inie mbali na mikono ya mtoto na kuchomekwa chini ya godoro kila upande. Kitanda kipana kuliko chandarua ulichonacho ni kitanda kinachoacha mwanya kwa mbu.

Limebaki swali la mdogo wake. Ahadi ya kugeuza imejengwa juu ya mtoto mmoja anayekua na kitanda chake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke Tanzania, na ule wa Kenya wa mwaka huo huo 3.4. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi isiyopungua 24 kutoka kujifungua hadi mimba inayofuata. Ongeza miezi 9, na mdogo anazaliwa mkubwa akiwa na karibu miaka miwili na miezi tisa. Huo ndio wakati mkubwa ametoka tu kuondolewa ubavu wake wa mbele. Kichanga kinahitaji kitanda chenye pande nne, na kitanda kimeshageuzwa. Familia inayopanga kupata watoto kadhaa inapata faida zaidi kwa kitanda cha kawaida kilichofungwa vizuri, kinachobaki cha kichanga siku zote na kupita kutoka kwa mtoto hadi mtoto, huku kila mkubwa akihamia kwenye 3 kwa 6 yake. Fedha ya hatua ya nne inasaidia kununua hiyo 3 kwa 6.

Cha kugeuza kinafaa kwa mtoto wa pekee, au kwa kitinda mimba, au pale watoto wameachana miaka mitano na zaidi. Hata hapo nachagua cha hatua mbili, ambacho kizuizi chake kifupi kimo ndani ya bei na kimewekwa mezani nikione, kwa kuwa vipuri vya kununua baadaye hupotea sokoni mtindo ukibadilika. Kama ni cha fundi, usimlipe fedha yote siku ya kukichukua kabla hajakifungua kona zote nne na kukifunga upya mbele yako kwa spana au alenki yake. Kikishasimama tena, shika kona mbili za mkabala na uzitikise kwa nguvu. Zikicheza, kibaki karakana.