Presha ya Oili Mbele ya Macho: Sensa za Kujifungia Kwenye Probox ya Mitunguu

Imewaka! Juu ya usukani wa Probox, kwenye kioo chenye upana wa vidole viwili, zimetokea namba mbili: 58 na 24. Ya juu ni presha ya oili kwa psi, ya chini ni joto la oili kwa nyuzi za Selsiasi. Injini ndiyo kwanza imeamka, asubuhi, hapa Mitunguu, na tayari naona kitu ambacho dashibodi ya gari hili haijawahi kumwonyesha dereva yeyote tangu litoke Japani. Sensa zinazoleta namba hizi nimezifunga mwenyewe, kwa spana zangu, na furaha niliyo nayo siwezi kuificha.

Ile taa nyekundu yenye umbo la birika la oili ni swichi tu. Inajua mambo mawili: presha ipo, au haipo. Huwaka presha ikiwa imeporomoka hadi psi chache sana, na kama wakati huo unapanda mlima na mzigo nyuma, beringi za krankshafti zimeshaanza kusagana chuma kwa chuma. Injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyo kwenye Probox nyingi tunazoendesha huku, huchukua oili lita 3.7 tu pamoja na ya kwenye filta. Ikila lita moja bila wewe kujua, iliyobaki inafanya kazi ya ile iliyokwenda: inapata moto zaidi, inakuwa nyepesi zaidi, presha inashuka. Na taa imezima muda wote huo!

Sasa angalia tulipo. Mitunguu iko chini, kwenye joto, penye mashamba ya ndizi yanayonyweshwa na mradi wa umwagiliaji. Nkubu iko juu, kwenye hewa ya baridi. Anayetoka sokoni Mitunguu kwenda Nkubu na ndizi zilizojaa hadi darini hupanda mfululizo kwa gia ndogo, mwendo ni wa polepole, na hewa inayoingia mbele ni ya moto. Pahali pazuri pa kupimia oili kuliko hapa sipajui. Halafu kuna ile barabara kuu ya Embu kwenda Meru inayozama na kupanda kwenye mabonde ya Thuchi, Nithi na Mutonga. Injini inayopita huko kila wiki inastahili kuangaliwa kwa karibu.

Kilichoniteka kabisa ni pleti ya alumini inayokaa kati ya injini na filta. Thredi ya filta ya Toyota hii ni robo tatu ya inchi, meno 16 kwa inchi, na pleti za kipimo hicho zipo tele. Unamwaga oili, unafungua filta kuukuu, unakaza pleti na oringi yake, kisha filta mpya inakuja juu yake. Basi! Pleti ina matundu ya kupokea sensa zote mbili, kwa hiyo swichi ya taa nyekundu inabaki pale pale ilipowekwa kiwandani. Na oili unayoipima ni ile iliyo safarini kwenda kwenye beringi. Wapo wanaofunga sensa ya joto kwenye nati ya kumwagia oili chini ya sampu. Mimi siwashauri, kwa barabara zetu za mawe: jiwe moja tu na oili yote iko chini.

Thredi za sensa zenyewe ziangalie kwa makini. Sensa nyingi zinazouzwa ni moja ya nane ya inchi NPT, meno 27. Tundu la swichi ya Toyota ni moja ya nane BSPT, meno 28. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiingiza moja kwenye tundu la nyingine inazunguka vizuri mwanzoni kwa mkono, kisha inagoma, na ukiilazimisha kwa spana unaharibu thredi ya injini. Ukitaka kutumia tundu la kiwandani, nunua adapta. Pia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba usiizungushe kiholela: sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia mwili wake, na tepu inaweza kuikata. Ndiyo maana nilichagua sensa ya joto yenye waya mbili.

Upande wa umeme ndio ulionifanya nicheke kwa raha. Bodi ya Arduino, moduli ya kushusha volti za betri hadi 5, kioo, fyuzi na waya, vyote utavipata Luthuli Avenue, Nairobi. Sensa ya presha ina waya tatu: volti 5, ethi na ishara. Presha ikiwa sifuri, ishara ni volti 0.5, ikifika psi 150, ishara ni volti 4.5. Kwa hiyo kila volti moja ni psi 37.5. Toa 0.5, zidisha, umepata jibu! Huna imani na kioo? Shika multimita: waya wa ishara ukisoma volti 2.5, kioo lazima kiseme 75. Sensa ya joto hufanya kinyume cha unavyotarajia, ukinzani wake hupungua kadiri oili inavyopata moto, na programu fupi inageuza ukinzani huo kuwa nyuzi.

Kisha tukapanda, mimi na mzigo wa ndizi. Nilipotoka sokoni oili ilikuwa nyuzi 92. Katikati ya mlima, 104. Karibu na kilele, 113! Geji ya maji ingetulia tu, kwa sababu themostati na feni huyashikilia maji kwenye joto lile lile, lakini oili ilikuwa inasema ukweli wote. Na presha ikaisindikiza: kwa mizunguko 3,000 ilianza 52, ikashuka hadi 45. Mafundi wengi hutaka angalau psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, kwa hiyo nilipumua. Nilipofika Nkubu, injini ikizunguka bila kukanyagwa, ilisimama kwenye 14. Afya tele! Sasa nina namba za gari langu likiwa zima, na siku ile 45 itakapokuwa 35 kwenye mlima ule ule, nitafungua bonneti kabla ya taa kuamka.

Hii si anasa mpya. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ilikuwa na geji ya presha ya oili kwenye dashibodi yake. Magari ya kawaida ndiyo yaliyonyimwa.

Nina malalamiko mawili. Usiku kioo kinang'aa mno, programu inahitaji kukipunguzia mwanga. Na pleti inaisogeza filta nje kidogo, kwa hiyo ingia chini ya gari ukague nafasi kabla ya kununua. Waya nao uwe mbali na bomba la ekzosi, ndani ya ganda la kuzuia joto.

Hukumu yangu: kila gari linalobeba mzigo kutoka Mitunguu linastahili sensa hizi. Ukiwa na pesa za moja tu, anza na ya presha, na uifungie king'ora kidogo kinacholia ikishuka chini ya 10.