Pafu Moja katika Hewa ya Nyeri

Anayesomea ubingwa wa usingizi huufikia upasuaji wa kifua akiwa ameshazoea kumlaza mgonjwa, kumtia mrija na kumpumulia kwa mashine. Jipya analokutana nalo ni kulizima pafu moja makusudi ili daktari wa upasuaji apate nafasi, huku pafu la pili likifanya kazi ya yote mawili. Vitabu vingi vya somo hili huchukulia kwamba mgonjwa yuko usawa wa bahari. Nyeri iko karibu mita 1,750 juu yake, na Nanyuki zaidi ya mita 1,900, kwa hiyo hesabu za kitabuni hazina budi kupigwa upya.

Kifaa chenyewe ni mrija wa njia mbili, uliotokana na ule aliouonyesha Carlens wa Uswidi mwaka 1949. Njia moja huishia kwenye bomba kuu la hewa, nyingine huingia katika tawi lake, kwa kawaida la kushoto. Tawi la kulia huachia kijitawi cha juu mapema mno, na mrija hukiziba kwa urahisi. Mwanafunzi huhakiki kwa kamera nyembamba, kisha huhakiki tena mgonjwa akishageuzwa ubavu. Uhakiki huo wa pili ndio unaosahaulika, na ndipo mrija unapokuwa umehama.

Pafu likizimwa, damu huendelea kulipitia bila kuchukua oksijeni. Mwili una kinga yake: mishipa ya sehemu isiyopata hewa hujibana na kuisukuma damu upande unaopumua, jambo lililoelezwa na von Euler na Liljestrand mwaka 1946. Dawa ya usingizi ya mvuke ikizidi hulegeza kinga hiyo. Oksijeni ya damu ikishuka, huongezwa oksijeni, hukaguliwa mrija, pafu lililozimwa hupewa oksijeni kidogo. Yote yakishindikana, upasuaji husimama na pafu hujazwa tena.



Mwinuko nao huingia kwenye vyombo vya dawa hizo za mvuke. Shinikizo la hewa Nyeri ni kama milimita 620 za zebaki, dhidi ya 760 pwani. Chombo cha kawaida cha sevoflureni hujirekebisha karibu chenyewe, kwa kuwa kinacholaza ubongo ni shinikizo la mvuke na si asilimia. Chombo cha desflureni hupashwa moto na kutoa asilimia ileile popote. Asilimia 6 ya Mombasa hudai kama 7.4 Nyeri, la sivyo usingizi huwa mwepesi.

Mtu angetarajia hatari kubwa iwe mezani, pafu likiwa limezimwa. Sivyo. Kwa oksijeni tupu, vifuko vya mapafu Nyeri bado hupata zaidi ya milimita 500 za oksijeni. Hatari huanza wodini, mgonjwa anapoachiwa hewa ya kawaida. Hewa anayovuta Nyeri, ikishalowa njiani, hubeba milimita 120 hivi za oksijeni, Mombasa 150. Maumivu ya mbavu humfanya apumue kwa woga, na mofini ikizidi humlegeza, kaboni dioksidi ya damu ikapanda kutoka milimita 40 hadi 60. Hapo vifuko vya Mombasa hubaki na oksijeni ya milimita 75, vya Nyeri 45. Hali ya kwanza huvumilika. Ya pili ni dharura.

Kwa sababu hiyo sindano ya ganzi kando ya uti wa mgongo, inayoua maumivu ya mbavu bila kuzima pumzi, ina uzito mkubwa zaidi mlimani kuliko pwani, na kila mgonjwa aliyepasuliwa kifua hutolewa chumba cha upasuaji akiwa na barakoa ya oksijeni usoni, kipimo kidoleni.