Ufundi Unaoanza Baada ya Taa Kuwaka

Katika gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam, za Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au za Katwe kule Kampala, kazi ya fundi umeme wa magari hupimwa kwa jambo moja: taa imewaka au haijawaka, injini imeshika au haijashika. Mteja anasimama pembeni, swichi inawashwa, mwanga unatokea, pesa zinatoka mfukoni. Kipimo hicho kinapima nusu ndogo ya ufundi huu. Kuupitisha umeme kutoka ncha moja ya waya uliokatika hadi ncha ya pili ni jambo analoliweza karibu kila mwenye kisu na tepu. Kuufanya umeme huo uendelee kupita mwaka wa tano, gari likiwa limeshatikiswa na barabara za vumbi, likachomwa na joto la injini na kulowa masika baada ya masika, hiyo ndiyo kazi anayostahili kusifiwa fundi, na ndiyo kazi ambayo sisi wenye magari hatujajifunza kuilipia.

Tuchukue taa ya mbele ya kawaida, ya wati 55. Kwa betri ya volti 12, inavuta ampea 4.6 hivi. Waya mzima wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa omu 0.017 kwa kila mita, kwa hiyo kinachopotea njiani ni kidogo mno. Sasa waya huo ukatike, nyuzi zake zisokotwe kwa vidole na kuzungushiwa tepu, kisha unyevu wa miezi kadhaa uzipake kutu ya kijani. Ukinzani wa kiungo hicho ukifika robo ya omu tu, kinazuia umeme sawa na karibu mita 15 za waya uleule, na taa inapoteza zaidi ya volti 1. Kwa balbu za uzi, mwanga hushuka upesi kuliko volti: punguza volti kwa asilimia 10, mwanga utapungua kwa takriban asilimia 30. Dereva anayetoka Chalinze kwenda Morogoro usiku hataambiwa na mtu kwamba amepoteza karibu theluthi ya macho yake. Taa inawaka, naye anaridhika. Ile volti iliyopotea nayo imegeuka joto, kama wati 5 hivi, mahali padogo palipofungwa kwa plastiki. Na hapa ndipo uzito wa jambo ulipo: fyuzi haikioni kiungo hicho. Fyuzi hukatika umeme unapozidi, lakini kiungo kibovu huupunguza umeme. Kinaweza kuchemka polepole hadi soketi ikayeyuka na fyuzi ikabaki nzima. Katika magari mengi yaliyoko barabarani kwetu hakuna kifaa kinachomlinda abiria dhidi ya kiungo kibaya isipokuwa mikono ya aliyekiunga.

Mtazame basi fundi anayejua. Haungi waya palepale ulipokatikia. Anachubua kurudi nyuma akitafuta shaba inayong'aa, kwa sababu maji yakishaingia hayakai mlangoni. Yanavutwa ndani katikati ya nyuzi, chini ya gamba, na kuifanya shaba iwe nyeusi au ya kijani sentimita nyingi kutoka pale penye jeraha. Kipande kilichooza anakitupa na kuweka kingine chenye unene uleule na, kikipatikana, rangi ileile na mstari uleule, ili fundi mwingine atakayekuja kufungua hapo baadaye na mchoro mkononi aweze kukisoma anachokiona. Nyaya kumi zikiwa zimekatika pamoja, haziungi zote kwenye usawa mmoja. Anapishanisha viungo, kimoja mbele kimoja nyuma, kitita kisivimbe mahali pamoja na viungo visigusane siku kinga itakapochoka. Juu ya kila kiungo anavuta mrija unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani, ambayo huyeyuka na kuziba kila upenyo. Mrija huo ni plastiki iliyopigwa mionzi, ikatanuliwa, na ikipata joto hurudia umbo lake la awali. Raychem, iliyoanzishwa California mwaka 1957, ilijenga jina lake juu ya elimu hiyo. Tepu nyeusi ya plastiki anayo pia, lakini haiamini karibu na injini: gundi yake hulainika kwa joto, vumbi likanata, tepu ikateleza na kuacha shaba uchi. Penye joto na msuguano anatumia tepu ya kitambaa na mrija wa plastiki wenye mikunjo. Kitita kinachopanda anakizungushia tepu kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, kama makuti yanavyoezekwa, ili maji yanayoteremka yasikute mdomo wazi. Waya unaoingia kwenye soketi anauacha ushuke kwanza kisha upande, maji yadondoke pale chini kabla hayajaifikia. Penye bawaba ya mlango anaacha ulegevu. Penye tundu la bati anarudisha raba iliyotolewa na fundi aliyemtangulia, maana bati bila raba ni msumeno unaosubiri mtikisiko. Wala fundi huyu hawasahau panya, kwa kuwa meno yao ya mbele hayaachi kukua na lazima wagugune. Adui huyu ni wa kweli kiasi kwamba Honda huuza tepu iliyotiwa ukali wa pilipili kwa ajili yake tu.

Mafundi wenyewe wanabishana kama kiungo kiungwe kwa risasi ya kulehemu au kibanwe kwa koleo, na ubishi huo una maana. Viwandani hubanwa. Sababu ni kwamba risasi ikiyeyuka hupanda katikati ya nyuzi na kuugeuza waya mlaini kuwa fimbo. Pale fimbo inapoishia na ulaini unapoanza, mtikisiko hukusanya nguvu zake na nyuzi hukatika mmoja mmoja chini ya gamba, pasipoonekana. Kubana kwa koleo sahihi huzigandamiza nyuzi pamoja na kishikio cha waya hadi hewa ikakosa nafasi ya kuingia. Lakini neno "sahihi" limebeba mzigo mzito hapo. Koleo la kawaida, lile la kukatia misumari, halibani, linaponda tu. Kwa maoni yangu, fundi asiye na koleo la kazi hiyo lakini anayelehemu kwa risasi safi, bila ile dawa ya asidi ya mafundi bati inayoila shaba, kisha akaufunga waya pande zote mbili za kiungo usicheze, amefanya kazi bora kuliko anayebana kwa kuponda kwa sababu ameambiwa kwamba kubana ndiyo usasa.

Kuna anayesema kwamba haya yote ni anasa. Mwenye daladala anahesabu siku kwa hesabu ya jioni. Gari likilala gereji, hesabu imelala nalo. Hoja hiyo naiheshimu, lakini inasahau mahali pesa zinapokwenda. Katika kazi ya nyaya, kitu ghali ni kutafuta. Fundi anaweza kutumia saa nne akivua dashibodi, akifuata waya mmoja kwa mita na taa ya kupimia, akitikisa kitita huku mwenzake akiangalia kama honi inalia. Akishaipata kasoro, mrija wa kusinyaa na dakika kumi za kufunga vizuri ni sehemu ndogo ya gharama. Kuacha kufunga hapo ni kuzinunua upya zile saa nne, pengine msimu ujao wa mvua, pengine katikati ya pori. Kama kweli gari lazima liondoke sasa hivi, basi kiungo cha muda kiitwe cha muda, fundi amwonyeshe mwenye gari kilipo, na siku ya kurudi ipangwe kabla gari halijatoka. Aibu inaanza pale cha muda kinapouzwa kwa jina la cha kudumu.

Wengine hushauri kutupa kitita chote na kununua kingine kutoka kwenye magari yaliyokatwa nusu yanayoletwa kutoka Japani na Falme za Kiarabu. Baada ya moto, au baada ya mafuriko kama yale ya Nairobi ya Aprili na Mei 2024, huo ni ushauri mzuri, kwani maji ya matope yakishaingia kwenye kila soketi hakuna wa kuzifuata moja moja. Lakini kwa nyaya tano zilizogugunwa na panya, ni hasara. Kitita cha mtumba kina umri sawa na chako au zaidi, mara nyingi kimekatwa kwa haraka, na gari la mtindo uleule la mwaka mwingine linaweza kuwa na soketi zilizopangwa tofauti. Hata kipya si kitu cha kuchukulia rahisi. Gari la kisasa lina zaidi ya kilomita moja ya waya, na vitita hivyo hadi leo hupangwa kwa mikono ya watu juu ya mbao zenye vigingi. Vita vilipoingia Ukraine mwaka 2022 na viwanda vya vitita vya Leoni huko vikasimama, baadhi ya mitambo ya Volkswagen na BMW nchini Ujerumani ilisimama pia, pamoja na maroboti yake yote, ikingoja kazi ya vidole.

Zipo pia sauti zinazodai kwamba mashine ya kusoma makosa imemaliza kazi ya fundi huyu. Mashine hiyo hutaja mzunguko wenye hitilafu. Haisemi kama kilichokufa ni sensa yenyewe au waya unaoifikia. Ni sensa ngapi nzima zimetupwa kwa kuaminiwa neno la mashine! Na kompyuta za gari zimeongeza ugumu wa nyaya badala ya kuupunguza. Bosch ilitangaza mtandao wa CAN mwaka 1986, na baadaye vitengo vya gari vikaanza kuzungumza kupitia jozi ya nyaya mbili zilizosokotwa. Msokoto huo ni wa kazi: kelele ya umeme kutoka kwa alternata na koili huziingia nyaya zote mbili kwa kiasi kimoja na hivyo kubatilika. Anayeziunga akaziacha zimenyooka kwa urefu mkubwa amefungua dirisha kwa kelele hiyo, ingawa mita yake itamwambia waya umeungana. Anayejua hurudisha msokoto hadi karibu na kiungo, kisha, betri ikiwa imetolewa, hupima kati ya nyaya hizo mbili akitarajia omu 60, kwa sababu kila mwisho wa njia una kizuizi cha omu 120. Kuhusu soketi za njano za mifuko ya hewa, ujuzi wake huonekana katika kutozigusa kwa mita.

Hata nchi tajiri, kwenye ndege zao, zilichelewa kuyajua haya. Ndege ya TWA 800 ililipuka mwaka 1996, na wachunguzi wa Marekani wakaona kwamba chanzo kinachoelekea zaidi kilikuwa shoti ya nyaya nje ya tangi la mafuta iliyopeleka umeme ndani yake. Ya Swissair 111 iliungua angani mwaka 1998, na wachunguzi wa Kanada wakakuta alama za cheche kwenye nyaya, zikiwemo za mfumo wa burudani ya abiria. Baada ya hapo nyaya za ndege zilianza kutazamwa kama mfumo unaojitegemea, wenye uzee wake na ukaguzi wake. Magari yetu yanaingia Kenya yakiwa na umri wa hadi miaka 8, kisha tunayaendesha mingine mingi juu yake. Uzee huo hauna mkaguzi ila fundi.

Ndiyo maana ningependa mtihani wa ufundi huu, wa VETA Tanzania au wa NITA Kenya, uwe na sehemu ya pili inayofuata siku kadhaa baada ya ile ya kwanza. Kiungo alichokiunga mwanafunzi kilowekwe kwenye maji ya chumvi, kikauke, kipashwe joto, kitikiswe. Kisha arudishiwe mwenyewe, apitishe umeme, na ashike mita. Kikipoteza zaidi ya volti 0.1, kipasuliwe mezani mbele yake, aione rangi ya shaba, na apewe waya mwingine aanze upya.