Hongera kwa Makarani wa Vizazi na Vifo

Makarani wa ofisi za vizazi na vifo katika majimbo ya Marekani wanastahili pongezi. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, wao hukitafuta cheti chake cha kuzaliwa na kukiunganisha na cha kifo. Cheti cha kifo hutaja kilichomuua. Uzito aliozaliwa nao, umri wa mimba na wa mama, na mwezi mama alipoanza kliniki, vyote vimo kwenye kile cha kuzaliwa.

Kazi hii si lelemama. Mtoto huzaliwa jimbo moja, akahamishiwa hospitali ya jimbo jingine, akafia huko. Hata hivyo, kuanzia faili la kitaifa la vyeti vilivyounganishwa vya watoto waliozaliwa mwaka 1983, karibu vifo vyote vimepatiwa vyeti vyake vya kuzaliwa.

Linalonigusa zaidi ni haki. Kwenye cheti cha kifo, asili ya mtoto huandikwa na msimamizi wa mazishi, pengine kwa kumtazama tu. Kwenye cha kuzaliwa, mama hujieleza mwenyewe. Ndiyo maana vifo vya watoto wachanga wa Wahindi Wekundu vilikuwa vikihesabiwa pungufu: baadhi yao waliandikwa kuwa weupe. Vyeti vikiunganishwa, watoto hao huhesabiwa kwa asili ya mama zao.