Gari la Moshi Lenye Miguu ya Buibui

Msomaji, ukimwambia mtu mzima kwamba gari la moshi limeota miguu ya buibui na uso wenye meno, na sasa linakula watu kisiwani, atacheka. Kicheko hicho ndicho mtihani wa kwanza wa mchezo wa kompyuta uitwao Choo-Choo Charles, uliotolewa tarehe 9 Desemba 2022 na Gavin Eisenbeisz, aliyeutengeneza karibu peke yake. (Jina lisikuchekeshe kwa maana yake ya Kiswahili, ni mlio wa gari la moshi katika masikio ya watoto wa Kiingereza.) Mhakiki haulizi kama jambo hilo lawezekana. Huuliza kama hofu yabaki baada ya kicheko kwisha.

Mwanzoni yabaki. Mchezaji hufika katika kisiwa cha Aranearum, akapewa kigari cha reli na bunduki ya rashasha iliyofungwa nyuma. Vyuma chakavu aviokotavyo ndivyo vya kukitengeneza kigari kikiumizwa, na ni hivyo hivyo vya kukiongezea mwendo, ngao na nguvu ya risasi. Akitumia kwa hili, amepungukiwa kwa lile. Tena vyombo vya kuendeshea viko mbele na bunduki iko nyuma, hata apigaye risasi hawezi kuongoza. Akishuka kwenda kwa miguu mwituni, kisha akasikia honi ya Charles kwa mbali, hana budi kukata shauri upesi: akimbilie kigari, au ajifiche? Sura ya Charles ni ya kuchekesha mchana kweupe. Kinachotisha ni uchache wa vyuma mfukoni.

Nawajua vijana wa Diani na Msambweni wanaoona haya kusikiliza ngano za mazimwi za bibi zao, lakini hukesha wakicheza michezo ya namna hii. Nawaomba waitazame hadithi ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Unguja. Zimwi lake ni paka. Paka, mnyama wa jikoni! Akala mifugo, na Sultani akakataa kumwua, kwa kuwa mla na mliwa wote walikuwa mali yake. Paka akazidi kukua, akala watu, akaitwa nunda, hata akawala wana wa Sultani mwenyewe. Ndipo kijana mdogo wa nyumba ile alipotoka kumwinda. Kila alipoua mnyama, akimleta mkubwa kuliko wa jana, mama yake alimwambia kuwa huyo siye.

Hapo ngano yaushinda mchezo. Mchezaji wa Charles naye hupanda ngazi, kutoka silaha ndogo hadi kubwa, lakini kadiri apandavyo zimwi hupungua. Mwenye mzinga wa kuvunjia vifaru hamwogopi buibui. Kijana wa Sultani kila ushindi ulimpa sababu mpya ya kuogopa, kwani nunda alikuwa bado mbele.

Tena katika ngano twamjua aliyemlisha nunda. Mchezo pia una mkosaji, tajiri Warren Charles wa Tatu, ambaye mgodi wake ndio uliomwamsha zimwi. Lakini habari hiyo hupitishwa kwa maneno machache, kisha twarudishwa kupiga risasi. Sisi wa Kwale, tulioona mchanga wa Maumba na Nguluku ukichimbwa hadi Desemba 2024, tungalipenda kukaa zaidi mlangoni pa mgodi ule na kuuliza nani alihama na nani alipata. Badala yake wenyeji wa kisiwa husimama tu wakingoja kumtuma mgeni kazi, kana kwamba jirani zao hawaliwi. Na walinzi waliovaa vinyago, wenye bunduki, wanachosha.

Mchezo wote huisha kwa saa chache. Kwangu mimi iliyo bora ni saa ya kwanza, kabla ya kuipata silaha ya pili.